Cheti Kilichokombolewa: Tafakuri juu ya Ukombozi na Uhuru wa Kiroho

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mama aliitamka methali hii kila alipofungua kijidaftari cha madeni ya dukani, nasi watoto tukaipokea kama amri ya kumi na moja. Katika makala haya ninanuia kusimulia jinsi methali hiyo ilivyonishinda, na jinsi neno moja la Kiswahili, yaani ukombozi, lilivyonifunza jambo ambalo miaka mingi ya kukaa katika mabenchi ya kanisa haikuwa imenifunza. Sijidai kuwa mwanatheolojia. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na mazoea yetu sisi wana-fasihi ni kulishika neno, kuligeuza na kuuliza limetoka wapi na linafanya kazi gani mahali lilipo.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2015 katika shule moja ya bweni. Nilipoondoka nilikuwa na salio la karo la shilingi 41,300. Kwa sababu hiyo cheti changu kilifungiwa ndani ya kabati la mhasibu. Sheria ya mwaka wa 2012 inayolihusu Baraza la Mitihani hairuhusu cheti kuzuiliwa, lakini mtoto wa maskini hajui sheria, na hata akiijua hana nauli ya kuifuata. Nilijiunga na chuo kikuu kwa karatasi ya matokeo. Nilipomaliza shahada ya ualimu mwaka wa 2020 ndipo nilipotambua uzito wa kabati lile. Tume ya kuwaajiri walimu ilitaka cheti chenyewe. Mara mbili nilisafiri hadi shuleni, na mara mbili nilipewa jibu moja: lete salio, uchukue cheti.

Nilikuwa na elimu, ila ushahidi wa elimu hiyo ulikuwa mateka. Nilifanya vibarua vya kufunza masomo ya ziada mtaani, na kila niliyemfunza alipoanza kazi kabla yangu nilijihisi kama mtu aliyeachiliwa kutoka gerezani lakini akaacha jina lake ndani.

Baba hakuwa na uwezo. Isitoshe, kulikuwa na jambo jingine ambalo nyumbani kwetu Vihiga halikutajwa kwa sauti. Mwaka wa 2014, karo ilipombana, baba aliuza robo ekari ya shamba la babu bila kumshauri ndugu yake. Nusu ya fedha zile ilinilipia mihula miwili. Nusu ya pili ilizama katika biashara ya mahindi ambayo haikufika hata mavuno ya pili. Ardhi ile ilikuwa haki ya baba mdogo kama ilivyokuwa haki ya baba. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakusemezana. Katika matanga walikaa pembe mbili tofauti za hema, na ilipobidi wapeane ujumbe, sisi watoto tulitumwa huku na huku.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2021, simu yangu ililia. Alikuwa baba mdogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mwanangu, pita hapa uchukue cheti chako. Nimekikomboa."

Baadaye nilisikia kwamba alikuwa ameuza mtamba, ng'ombe wa pekee aliyemtarajia kumpa maziwa. Sikuwa nimemwomba. Kwa hakika yeye ndiye mtu wa mwisho ambaye ningethubutu kumwomba, kwa kuwa masomo yangu yalikuwa yamekwisha kumgharimu ardhi.

Tazama sasa kitenzi alichokitumia. Hakusema amekilipia, wala hakusema amekitoa. Alisema amekikomboa. Katika Kiswahili, kukomboa ni kutoa malipo ili kukirejesha kilichokuwa chako lakini kikawa mkononi mwa mwingine. Pete iliyowekwa rehani hukombolewa. Mateka hukombolewa. Kitu ambacho hakijawahi kuwa chako hakikombolewi, hununuliwa. Basi ndani ya neno hili mmejificha madai mawili kwa pamoja: kwamba pana gharama, na kwamba kinachogharamiwa kilikuwa cha nyumbani tangu hapo. Baba mdogo, kwa kuteua kitenzi hicho, alikuwa ametamka kwamba mimi ni wa kwake. Aliyatamka hayo wakati ambapo hakuwa akimsalimu baba yangu.

Linganisha na kitenzi okoa. Mtu huokolewa kutoka mtoni au katika nyumba inayoungua, na mwokoaji anaweza kuwa mpita njia asiyemfahamu. Kuokoa hakudai malipo wala udugu. Tangu vuguvugu la uamsho lililoanzia Gahini, Rwanda, likasambaa hadi Kenya katika miaka ya 1930, Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wamejitambulisha kwa kauli moja: nimeokoka. Kisarufi hiyo ni kauli ya kutendeka. Haimhitaji mtenda, husimama peke yake. Lakini ni nadra kumsikia muumini akitoa ushuhuda kwamba amekomboka. Husema amekombolewa, na pindi asemapo hivyo, sikio la msikilizaji husubiri kiunganishi "na". Amekombolewa na nani? Kwa bei gani? Kauli ya kutendwa haituachi tumsahau aliyetenda. Sidai kwamba waliookoka wamemsahau. Ninachosema ni kwamba sarufi ya neno la pili haimpi mtu nafasi ya kusahau.

Maana hii haikubuniwa na Waswahili peke yao. Katika Agano Jipya, lugha ya Kigiriki inatumia neno lutron, yaani fedha iliyotolewa ili kumwachilia mtumwa au mateka. Watafsiri wetu waliliita fidia, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo ndugu zetu Waislamu pia wanalijua vyema katika ibada zao. Katika Agano la Kale, Waebrania walikuwa na istilahi nyingine, goeli, ambayo kwayo walimtaja jamaa wa karibu mwenye wajibu wa kukomboa. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kinaeleza kwamba mtu akipatwa na ufukara hata akauza shamba lake, jamaa yake aje alikomboe; na akijiuza mwenyewe, nduguye, ami yake au binamu yake anaweza kumkomboa. Boazi alitenda hivyo katika kitabu cha Ruthu. Kuna jamaa mwingine aliyekuwa na haki ya kwanza, lakini alipotambua kwamba kukomboa kungeuathiri urithi wake mwenyewe, alijiondoa. Ukombozi, basi, humpunguzia kitu yule anayeutenda. Nilipoisoma sura hiyo baada ya Machi 2021, nilimwona mtamba akiongozwa kwa kamba kuelekea sokoni.

Wanatheolojia wamejadiliana kwa karne nyingi kuhusu swali hili: ikiwa Kristo ni fidia, fidia hiyo alilipwa nani? Origen, katika karne ya 3, alielekea kusema kwamba alilipwa shetani, aliyekuwa amewashika wanadamu. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, alilikataa wazo hilo, kwa maana mnyang'anyi hastahili malipo. Mwishoni mwa karne ya 11, Anselm wa Canterbury alihoji kwamba kilichodaiwa ni heshima ya Mungu iliyovunjwa. Ni mjadala mzito, nami si mtu wa kuuamua. Hata hivyo, mtu akitokea kabatini mwa mhasibu huliona jambo hili kwa upande mwingine. Swali langu halikuwa ni nani aliyepokea fedha. Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa: mimi sasa ninadaiwa na nani?

Hapa historia ya pwani yetu ina la kutufunza. Mwaka wa 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikaanzisha makazi ya Freretown karibu na Mombasa katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu walioteremshwa kutoka katika majahazi yaliyokamatwa. Mtaa wa Kengeleni ungali na jina linaloikumbuka kengele ya makazi hayo. James Juma Mbotela, mzawa wa ukoo wa watu hao, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934 na ambacho wengi wetu tumekutana nacho katika kozi za maendeleo ya riwaya ya Kiswahili. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina msingi. Lakini nikisoma sasa, najiuliza iwapo sifa zile si sauti ya mtu anayejaribu kulipa asicholipika.

Kule Rabai mambo yalikuwa magumu zaidi. Watumwa watoro, waliowakimbia mabwana zao katika mashamba ya pwani, walikuwa wamejificha katika vituo vya misheni. Rabai ilikuwa chini ya uangalizi wa William Jones, mchungaji Mwafrika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa India. Mabwana walitaka mali yao irudishwe, na vita vilinukia. Mwishoni mwa mwaka wa 1888, George Mackenzie, mwakilishi wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa pwani iisimamie, aliamua kuwalipa mabwana fidia. Siku ya kwanza ya Januari mwaka wa 1889, takriban watu 1,400 walipewa hati za uhuru.

Nimeitafakari sana karatasi hiyo. Mtu aliyelala porini kwa miaka, akitembea kwa kuhofia kila kivuli, anashikishwa hati inayosema kwamba hakuna tena wa kumdai. Je, siku ya pili aliamka vipi? Je, alipokutana njiani na bwana wake wa zamani, miguu yake iliiamini karatasi au iliamini mazoea? Tunajua pia kwamba kukombolewa hakukuwa mwisho wa mijeledi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, usimamizi wa Freretown ulichunguzwa kwa sababu ya adhabu kali, zikiwemo za viboko, walizopewa wakazi wake. Watu walikuwa wametolewa katika utumwa mmoja, kisha wakajikuta chini ya mkono mwingine uliowakumbusha kila siku kwamba wamefadhiliwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia akiwaonya juu ya jambo lilo hili: aliyewekwa huru asirudi kunaswa chini ya nira.

Mimi nilirudi. Sina budi kukiri hili mbele ya msomaji. Katika miezi ile niliyokuwa nikitafuta kazi, nilihudhuria kanisa moja mjini ambako kila Jumapili tulihimizwa kupanda mbegu. Mbegu yenyewe ilikuwa fedha. Tuliambiwa kwamba baraka zetu zimefungwa na kwamba sadaka ndiyo ufunguo. Nilitoa mia mbili, nikatoa mia tano, na mara moja nilitoa ujira wa wiki nzima. Nilitoka nimepata nafuu, kisha kufikia Alhamisi hofu ilikuwa imerudi, ikidai malipo ya Jumapili iliyofuata.

Wakenya wengi wa bara tuna matumizi mengine ya kitenzi komboa ambayo huwakera wasanifishaji. Tunasema "nyumba ya kukomboa" tukiwa na maana ya nyumba ya kupanga. Mhadhiri wangu mmoja alikuwa akitusahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini kosa hilo la sarufi lilinifumbua macho. Mpangaji hulipa kila mwezi, na hata akilipa kwa miaka thelathini nyumba haiwi yake. Akikosa mwezi mmoja, mlango hutiwa kufuli. Nilitambua kwamba imani yangu ilikuwa nyumba ya kukomboa kwa maana ya bara, ilhali Injili ilikuwa ikizungumza juu ya kukomboa kwa maana ya pwani. Nilikuwa nikilipa kodi ya kitu ambacho, ikiwa maneno ya imani yetu ni ya kweli, kilikwisha kukombolewa mara moja tu.

Kosa hilohilo nilitaka kulifanya kwa baba mdogo. Nilipata kazi ya kufunza mwaka wa 2022. Kwa miezi saba niliweka akiba, na mwezi wa Disemba nilienda kwake nikiwa na bahasha yenye shilingi 41,300 kamili. Nilikuwa nimeihesabu mara tatu. Kusema kweli, sikuwa ninampelekea shukrani. Nilitaka kuununua uhuru wangu kutoka kwake, ili nisije nikayainamisha macho kila ninapopita mbele ya boma lake.

Aliipokea bahasha, akaipima kwa mkono, kisha akaniwekea gotini.

"Baba mdogo, tafadhali pokea. Dawa ya deni ni kulipa."

"Deni gani? Mimi sikukukopesha. Ningekukopesha tungeandikiana."

"Uliuza ng'ombe wako kwa ajili yangu."

"Niliuza. Sasa ukinilipa, mwanangu, nitakuwa mchuuzi wa ng'ombe na wewe utakuwa mteja. Mimi nilitaka kuwa baba yako."

Nilinyamaza. Naye pia alinyamaza kwa muda, akitazama upande wa kile kipande cha shamba ambacho sasa kilikuwa na ua wa mtu mwingine. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini:

"Ukiona ni lazima ubebe kitu, beba ujumbe. Mwambie baba yako kwamba kiti chake bado kipo."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimekuwa nikilisoma katika sarufi bila ya kulisikia. Maneno mtumwa na mtume yanatokana na mzizi mmoja, -tuma. Yote mawili yanamtaja mtu aliyetumwa. Mtume limeundwa kama mteule na mshinde. Mtumwa limeundwa kutokana na kauli ya kutendwa. Tofauti yao haiko katika kazi, kwa maana wote wawili hubeba ujumbe wa mwingine na kutembea njia ambazo hawakuzichagua. Paulo, anapojitambulisha katika waraka wake kwa Warumi, hujiita kwanza mtumwa, kisha mtume, katika sentensi ileile. Nilikuwa nikidhani kwamba anapanda cheo. Sasa nadhani anatueleza kwamba mtu aliyekombolewa haachi kutumwa; kinachobadilika ni sababu inayomfanya aende. Mtumwa huenda kwa kuwa ana bei. Mtume huenda kwa kuwa bei ilikwisha kulipwa, naye amebakiwa na habari tu ya kupeleka.

Uhuru wa kiroho, kwa jinsi ninavyouelewa leo, si hali ya kutokuwa na anayekudai chochote. Hali hiyo ni upweke tu. Uhuru ni kuondolewa hofu ndani ya uhusiano ambao hauwezi kununuliwa wala kulipwa. Ndiyo maana ukombozi unaogopesha kuliko deni. Mwenye deni anaweza kulipa akaenda zake. Aliyekombolewa hana pa kwenda isipokuwa nyumbani.

Niliupeleka ujumbe. Jioni ile baba alikuwa akipukuchua mahindi. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya bahasha. Aliendelea kupukuchua hadi gunzi likabaki jeupe, akachukua jingine. Kwa muda mrefu hakusema lolote. Nilipoinuka kwenda kulala aliniuliza swali moja tu.

"Alisema kiti, au alisema benchi?"

"Kiti, baba."

Hakwenda kesho yake, wala wiki iliyofuata. Nilijifunza kwamba aliyekosa huona uzito wa kupokea kuliko aliyekosewa anavyoona uzito wa kutoa. Mwezi wa Februari mwaka wa 2023, siku ya Jumamosi, mama alinipigia simu akaniambia kwamba baba amevaa koti na kutoka bila kusema anakokwenda, na kwamba amepita njia ya juu, ile inayoelekea kwa ndugu yake. Alikaa huko hadi giza lilipoingia. Walizungumza nini, sijui hadi leo, na si haki yangu kujua. Shamba halikurudi. Mnunuzi amejenga, na watoto wake wanasoma na watoto wa binamu zangu. Lakini katika matanga ya mwaka huo ndugu wale wawili walikaa chini ya hema moja, upande mmoja, wakigawana mwavuli mmoja mvua ilipowapata.

Cheti changu sasa ninacho. Nimekifungia ndani ya bahasha ileile niliyompelekea baba mdogo, na fedha zilizokuwamo zilimlipia binti yake muhula mmoja wa karo katika chuo cha ufundi. Aliniuliza ni lini atanilipa. Nilimjibu kwamba sikumkopesha.